Saa Moja ya Kuongeza

Kanyere alisomea kompyuta Kinshasa miaka mitano, akarudi Butembo na mashine yake ikiwa bado inafuata saa ya kule. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja nzima. Kurekebisha ni kubonyeza mara mbili tu, lakini uvivu nao ni ugonjwa! Alikuwa akiitazama, anaongeza saa moja kichwani, maisha yanaendelea.

Jamali, mwenye magari yanayokwenda Beni, akamwomba programu ya kuwatumia abiria ujumbe wa safari. Kanyere alitaka kuwaheshimu wazee: si 08:00 ya kuwaumiza kichwa, bali maneno tu, saa mbili asubuhi. Mashine ipunguze saa sita, ichague asubuhi au mchana, iandike na siku na mwezi. Alipoijaribu kwa saa ya mashine yake, maneno hayakulingana na saa ya ukutani. Bila kufikiri akaongeza mstari mmoja: jumlisha saa moja. Yakalingana. Akajipigia makofi, maskini.

Programu ikahamia kwenye mashine ya Jamali, na kati ya watu wa kwanza kupata ujumbe alikuwemo baba yake mwenyewe, papa Abdias. Dada wa mzee, shangazi Kavira, alikuwa amelazwa Beni, hali mbaya, naye aliomba kitu kimoja tu: amwone kaka yake, aje na samaki wa ziwani, wa Kyavinyonge. Ujumbe ulisema: Alhamisi, tarehe kumi na tatu, mwezi wa sita, saa tatu asubuhi.

Alhamisi hiyo, jua halijachomoza vizuri, mzee alikuwa ameshavaa viatu, kikapu cha samaki miguuni.

"Mutoto yangu, minaenda. Nitangojea kule kule."

"Papa, kunywa kwanza chai. Gari ni ya saa tatu."

"Banaandikaka saa tatu, chauffeur wa gari anaondoka saa yake."

"Hapana, papa! Ile ni programme. Njo mimi niliiandika."

Mzee akacheka, akavua kofia. "Kama ni weye, basi nitakunywa hata vikombe viwili."

Akanywa viwili kweli.

Walipofika, uwanja wa magari ulikuwa mtupu. Rachida, karani wa Jamali, akashika mdomo. "Papa, baliondoka saa mbili, pamoja na basoda ba kulinda njia. Barabara inafungwa mpaka kesho!" Abiria wengine walikuwa wamefika alfajiri, kama watu wa kwetu wanavyofika siku zote, ujumbe au bila ujumbe. Aliyeiamini mashine ni mmoja tu, yule aliyemzaa fundi wake.

Mashine ya Jamali ilikuwa na saa ya Butembo, sasa. Kanyere alielewa palepale. Ule mstari wake ulikuwa umeongeza saa isiyohitajika.

Shangazi alikata roho mchana ule ule. Mwanawe Précieux alipiga simu, akasema kila gari lilipolia nje, mama aliuliza, "Ni Abdias?"

Majuto ni mjukuu, wanasema. Mjukuu gani huyu, asiyengoja hata jioni? Kanyere aliufuta mstari ule kabla hujameza mate, kisha akaenda kupiga magoti mbele ya baba yake, akamweleza yote, analia. Laiti mzee angemtukana!

Papa Abdias alikuwa bado amekumbatia kikapu cha samaki.

"Nilikuwa nimeshavaa viatu," alisema.