Miche Thelathini

Siku wifi yake aliposimama kwenye kikao cha wazazi wa kituo cha watoto na kutangaza kwamba mchele wa duka la Mama Mizani huchekechwa kwanza kutoa wadudu ndipo uuzwe, mwenyewe aliinamisha kichwa. Alitazama viatu vyake. Lakini tangu siku hiyo, kila alipomaliza kuomba, aliongeza ombi moja dogo mwishoni, kama mtu anayeongeza chumvi: "Mola wangu, nionyeshe malipo yake kabla sijafa. Nami nisiwe mbali."

Jina la Mama Mizani alipewa na wateja, kwa kuwa hakumfungia mtu kitu kabla mshale wa mizani haujasimama. "Ngoja itulie," angesema, hata mvua iwe inanyesha. Duka lenyewe aliachiwa na marehemu mumewe: chumba kimoja mbele ya nyumba ya ukoo, magunia sakafuni, sabuni kwenye rafu, mafagio yakining'inia juu ya mlango. Chumba hicho dada wa marehemu, aliyekaa vyumba vya ndani, alikitaka afungue saluni. Huyo watu walimwita Bi Bofya, maana hata kiberiti alikiagiza kwa simu.

"Duka lilikufa na kaka yangu," alikuwa akisema. "Wewe wifi unalinda kaburi tu."

Kituo cha watoto ndicho kilikuwa mteja mkubwa. Kikiondoka, duka halimalizi mwezi, na Bi Bofya alilijua hilo kama anavyojua kiganja chake. Baada ya yale maneno ya wadudu, matroni wa kituo, mwanamke asiyependa porojo, aliamua: "Orodha ni moja. Mama Mizani alete vya dukani, Bi Bofya aagize mtandaoni. Ijumaa nitavitazama vyote mezani kwangu. Atakayeshinda atatuhudumia mwaka mzima."

Bi Bofya akaja kuagizia palepale dukani, makusudi, kiwiko juu ya kaunta.

"Mchele, nimebofya. Mafuta, nimebofya, na ona bei, wifi yangu, usije ukazimia. Tena wanaleta hadi mlangoni."

"Heri yao wenye miguu," akasema Mama Mizani, huku akifuta kaunta.

"Mafagio, haya. Sabuni ya kufulia, miche thelathini." Akaandika sabuni; zikaja za kuogea, za manukato, picha juu ya picha. Akasonya, akafuta, akaandika neno moja tu: miche. Miwani ilikuwa mkobani. Hakuivaa mbele za watu, alisema inamzeesha. Akakunja macho. "Si hizi hapa, za kijani, zimepangwa vizuri? Thelathini."

Simu ilikuwa chini ya pua ya Mama Mizani, na macho yake, ashukuriwe Muumba, yalikuwa mazima. Aliona vikopo vyeusi vya udongo. Aliona majani.

Maneno yakamfika ncha ya ulimi, tena mepesi: wifi, hiyo si sabuni. Akayashika hapo. Akakumbuka kikao, na wale kina mama waliomtazama mikono kana kwamba wadudu wanamtambaa. Akayameza, yakashuka matamu kama asali.

"Umemaliza, wifi?"

"Nimemaliza. Na wewe umekwisha."

"Ngoja itulie."

"Itulie nini? Hapa kuna mizani?"

"Ngoja tu."

Ijumaa asubuhi meza ya matroni ilijaa. Akatia mkono kwenye mchele wa duka, akatia kwenye ule wa mtandaoni. "Wote safi," akasema. "Ila huu wa mtandaoni punje zake nzima, na bei iko chini." Mafuta nayo bei ilikuwa chini. Mafagio ya mtandaoni yalikuwa yamepinda mawili, ya dukani yalisimama kama askari, lakini fagio halipiki. Mama Mizani akaanza kuchungulia mlangoni. Asali ile sasa ikachacha.

Bi Bofya akamsogelea sikioni. "Nipe ufunguo mapema, wifi, nipime pazia."

Ndipo dereva wa mzigo akaingia na boksi la mwisho. Lilipofunguliwa, chumba kikanuka udongo mbichi.

"Ni nini hivi?" akauliza matroni.

"Mipapai, mama. Miche thelathini. Risiti hii."

Wafuaji wa kituo waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. "Tukifua na hii, mashuka si yatazaa!"

"Wezi hawa!" Bi Bofya akapiga kelele. "Mimi niliagiza miche!"

"Na miche umeletewa," akasema dereva.

Bi Bofya akamgeukia Mama Mizani. "Uliona! Ulisimama pale, uliona!"

"Niliona."

"Mbona hukuniambia?"

"Wifi yangu, mimi muuza wadudu, mambo ya simu ningeyajulia wapi?"

Matroni akamtazama Mama Mizani muda mrefu, na mtazamo wake haukuwa wa sifa. "Mchele wako ghali," akasema, "na ulimi wako mzito pale unapohitajika. Lakini nguo za watoto hamsini hazifuliwi kwa majani. Shusha bei ya mchele, mwaka ni wako."

"Nitashusha. Ila kwanza wifi aseme habari ya wadudu. Hapahapa."

Bi Bofya akatazama viatu vyake. "Sikuona wadudu."

"Sauti, wifi. Wafuaji wako mbali."

"Sikuona wadudu!"

Jioni Mama Mizani alirudi na mche mmoja mkononi. Akaupanda mbele ya duka, kando ya njia ambayo Bi Bofya hana budi kupita kila siku akienda chumbani kwake. Ombi lile dogo aliliacha. Alimwogopa Mungu, hakutaka kuomba mara mbili kitu alichokwisha kupewa. Kila asubuhi, akitoka kusali, anaumwagilia. Mpita njia akiuliza huo ni mti gani, humjibu bila kucheka, kwa sauti ya kufika mpaka vyumba vya ndani:

"Huu? Sabuni."