Sindano ya Kifuniko Chekundu

Kipimo cha sukari kilisoma mia moja na arobaini. Daktari kijana akatabasamu.

"Bibi mzima huyu. Dripu ikiisha, mrudisheni nyumbani."

Shalini, wifi yake Mrunal, akaanza kukunja shuka la mama yake papo hapo, mama mwenyewe akimtazama kitandani. Mrunal hakusogea.

Asubuhi hiyo ya Ekadashi, siku ya mfungo wa Wahindu, mama mkwe wake, Kusum, alikuwa amefunga kama desturi yake, maziwa kidogo na ndizi moja basi. Insulini yake ya mara moja kwa siku hakutaka kuiacha. "Mungu wangu Vithoba hajanikataza sindano," alisema akicheka, akasogeza sari tumboni. Sindano mpya zilikuwa zimekwisha. Mrunal akachukua moja ya zamani mlangoni mwa friji, yenye kifuniko chekundu, akavuta dawa hadi alama ya ishirini, kama siku zote, akamchoma. Sindano ni sindano tu, alijiambia.

Saa nne Kusum akalowa jasho chapachapa, akawa anamwita Mrunal kwa jina la marehemu dada yake mwenyewe. Maji ya sukari guru yakamrudisha. "Mkwe wangu kanifanya nifungue mfungo kabla ya wakati!" akatania. Haikupita nusu saa, akazimia kabisa.

Ndani ya bajaji ya kwenda hospitali, kichwa cha mama mkwe kikiwa mapajani pake, Mrunal akaelewa. Sindano zile nyekundu zilikuwa za dawa ya zamani, ile nyepesi. Chupa ya sasa ilikuwa kali mara mbili na nusu. Ishirini ile ilikuwa hamsini, tena ya dawa inayofanya kazi kutwa kucha.

Akisema, Shalini atakuwa amepata alichokitafuta miaka sita. Juzi tu alimwambia mama yake, "Huyu ipo siku atakuua kwa uzembe wake." Akinyamaza, watamlaza Kusum kitandani kwake na kudhani amesinzia, kumbe anakufa. Mrunal akamsogelea daktari kando ya kitanda.

"Daktari," akasema, "nimemzidishia dawa."

"Umefanya nini wewe?" Shalini akamgeukia, shuka mkononi.

Tabasamu la daktari likayeyuka. "Insulini ipi? Kiasi gani?"

"Ile ya kutwa. Hamsini badala ya ishirini. Na amefunga."

"Sista! Lete dripu nyingine, haraka! Haendi popote huyu mpaka kesho jioni."

"Si nilisema? Muuaji huyu!" Shalini alipiga kelele hadi wodi nzima ikageuka. Mrunal hakumsikia vizuri. Alikuwa akiyatazama macho ya Kusum, yaliyoanza kupoteza mwelekeo. Kipimo kikasoma arobaini na nane.

"Mama, usilale! Mama, nakuomba!"

Sukari ilipandishwa ikashuka, ikapandishwa ikashuka, mara tano. Kila iliposhuka Mrunal alimsugua viganja na kumwita, asijue kama safari hii ataitikiwa.

Kesho yake mchana ndipo sukari ilipotulia. Kusum akafumbua macho. Shalini alikuwa mlangoni, anawasimulia ndugu wa mgonjwa wa jirani jinsi mkwe alivyotaka kuua. Kusum akapapasa mpaka akaupata mkono wa Mrunal, akaukamata.

"Shalini, nyamaza mwanangu," akasema kwa sauti iliyokauka. "Huyu aliposema ukweli, wewe ulikuwa unakunja shuka."