Umeme Usiorudi

Siku ya tisa tangu Wangwe aape mbele ya wazee wa ukoo kwamba hajui ng'ombe walioibwa wa jirani yao Method walikokwenda, miguu ilimwisha nguvu. Looo! Kijiji kizima cha Nyambureti kikasema aliapa uongo, kiapo kimemshika. Mkewe, Nyangi, alikana mbele za watu. Moyoni, tuseme ukweli, aliyumba.

Ndiyo maana hospitalini Tarime macho yake hayakubanduka kwenye mashine ya kupima mishipa. Daktari Samira, bingwa aliyekuja kwa wiki moja, alibandika nyaya mguuni mwa Wangwe, akampiga kaumeme. Kidole kikaruka! Kwenye kioo likachomoza wimbi refu.

"Hapa mshipa wa fahamu uko vizuri," akasema daktari.

"Si nilisema?" Nchagwa, kaka yake Wangwe, akadakia. "Ugonjwa haupo. Shemeji, tumrudishe nyumbani akatubu kabla kiapo hakijammaliza."

Nyangi akamgeukia mumewe. Kumbe kweli aliiba!

"Mzee, subiri," daktari akasema. "Nimepima kipande cha chini tu. Kuna ugonjwa ambao ukiwa mchanga hujificha juu, mishipa inapotokea mgongoni. Mama, lete mguu wako uone."

Akampiga Nyangi naye kaumeme. Wimbi kubwa likaja, na nyuma yake, mbali kidogo, kakafuata kengine kadogo kama kope.

"Hako kamepanda mpaka mgongoni, kakarudi."

"Sasa hivi? Ndani yangu?" Nyangi akashika mdomo. Miaka arobaini anapalilia, anabeba kuni, na siku zote hizo mwili ulikuwa unatuma salamu na kujibiwa, yeye hana habari! Mungu wangu, mtu ameumbwa!

Daktari akarudi kwa Wangwe. Akapiga mara moja, mara tano, mara kumi. Wimbi kubwa lilikuja kila mara. Kale kadogo hakakurudi.

"Kinga ya mwili wake inashambulia mishipa yake yenyewe," akasema. "Kule kuharisha mlikosema kulimpata wiki mbili zilizopita ndiko kulikoiamsha. Aende Mwanza leo hii, kabla hajaishiwa pumzi. Dawa ipo."

Nchagwa akavua kofia, akakosa pa kuiweka.

Wangwe alikuwa anamtazama mkewe. "Mama Esta," akasema polepole, "na wewe ulikuwa unangoja mashine iseme kama niliiba?"

Nyangi angeweza kukataa. Lakini kwenye kioo wimbi la mumewe lilikuwa bado linaonekana, na mbele yake aliona aibu kudanganya.

"Nilikuwa nangoja," akasema, akainama kumvalisha viatu.