Moto Uliochagua Chuchu Moja

Kokushubila wa Kaagya alikuwa akijigamba kwamba kuanzia kwao Buganguzi mpaka ufukweni mwa ziwa hapakuwa na mtu aliyejua ng'ombe kama yeye. Kisha, kabla hujafungua mdomo, anakuongezea mwenyewe: "Ila kukamua sijawahi, hata tone."

Enzi hizo za Mwingereza, mwanamke wa Kihaya akionekana amechuchumaa chini ya ng'ombe angesemwa mpaka wajukuu wake wakose wachumba. Kukamua ilikuwa kazi ya mumewe, Byarugaba. Yake yeye ilikuwa kuosha vibuyu vya maziwa na kuvifukiza moshi. Lakini mwenye kuosha chombo huona mengi kuliko mwenye kukijaza.

Ndivyo alivyoona, Jumatano moja asubuhi, vijidonge vyeupe vimebaki chini ya kibuyu, kama mtindi. Maziwa yaliyokamuliwa saa ile ile yageuke mtindi lini? Akatoka mbio mpaka bandani. Bihogo, ng'ombe wao mwekundu, alisimama ametanua mguu wa nyuma kama mzee aliyekalia mwiba. Kokushubila akagusa kiwele, maana kugusa si kukamua. Upande wa nyuma, kushoto, kilikuwa kigumu na cha moto kama kiazi kilichotoka jivuni. Bihogo akamrushia teke.

"Baba Aroni! Njoo! Bihogo anaumwa kiwele!"

Byarugaba alikuja, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mkewe polepole.

"Ile sufuria," alisema.

Kokushubila alijua ni ipi. Siku tatu nyuma mjukuu wao Verdiana alikuwa akikohoa, na mkunga wa misheni akasema mtoto apewe maziwa yaliyochemshwa. Kokushubila alichemsha kikombe kimoja, na Byarugaba akakuta utando umeganda kwenye sufuria. Na watu wa umri wao walikuwa wamelelewa wakijua hivi: anayechemsha maziwa anamchoma ng'ombe kiwele, huko huko aliko.

"Nilichemsha, sikatai. Kikombe kimoja."

"Kikombe kimoja! Moto una vipimo? Mimi tangu nizaliwe maziwa ya moto hayajapita kwenye midomo hii. Hayajapita! Na ng'ombe aliyechomwa haponi, Mama Aroni. Jumamosi Bashiri atakuja kumchukua."

Bashiri alikuwa mchinjaji. Naye alimpenda Bihogo, ila kwa namna yake.

Kokushubila alikwenda jikoni akakaa. Bihogo alitoka kwa kaka yake Kokushubila huko Buganguzi akiwa ndama wa miguu minne iliyogombana. Alilala hapo hapo jikoni, akala maganda ya ndizi kutoka mkononi mwake. Sasa achinjwe, na watu waseme ameuawa na sufuria ya Kokushubila? Alhamisi alfajiri akajifunga kanga kiunoni, akashika njia ya Kibeta alikokaa bwana mifugo. Alifika miguu imevimba kuliko kiwele alichokwenda kukisemea.

Ijumaa asubuhi bwana mifugo akaingia Kaagya kwa baiskeli. Jina lake Lameki, kijana mwembamba, naye mtu wa Buganguzi, kwa hiyo Kokushubila alikuwa shangazi yake, atake asitake.

"Nipatieni kitambaa cheusi," alisema.

Nyumba nzima ilikuwa na kitu kimoja tu cheusi: koti la Byarugaba la kwendea kanisani. Kokushubila alikuwa amekwisha kulileta, mwenye koti akiwa bado anasema hapana.

Lameki akatandaza mkono wa koti chini ya kiwele, akakamua kidogo kutoka chuchu ya kwanza. Maziwa safi. Ya pili, safi. Ya tatu, safi. Ya nne ikatoa majimaji ya manjano yenye vidonge, vikakaa juu ya weusi ule vikionekana kimoja kimoja.

"Mae!" alisema Kokushubila. "Chuchu tatu nzima! Baba Aroni, hebu niambie, ni moto gani huu unaochagua?"



"Si moto, mzee," alisema Lameki. "Ni uchafu ulioingia kwenye tundu la chuchu. Unanawa mikono kabla ya kukamua? Unakamua mpaka maziwa yaishe?"

"Zamani alimaliza," alidakia Kokushubila. "Siku hizi ana haraka. Anawahi mkutano wa chama cha kahawa."

"Kila asubuhi?"

"Kahawa ina mambo mengi," alisema Byarugaba.

Lameki akakamua upande ule mgonjwa mpaka ukaisha, akasafisha chuchu kwa spiriti, kisha akaingiza ndani dawa kutoka kwenye kijibomba kilichofanana na cha dawa ya meno, chenye mdomo mrefu. Akaacha vijibomba viwili vya siku zilizofuata. Kiwele kikandwe kwa maji ya moto, alisema, upande ule ukamuliwe mara kwa mara, na maziwa yamwagwe shimoni, hata paka asionje.

"Na maziwa yalianza kupungua lini?"

"Miezi miwili," alisema Kokushubila, aliyejua kibuyu chake kilikuwa kikijaa mpaka wapi.

Lameki alikunja uso. "Ugonjwa huu hauna hata wiki, shangazi. Hiyo miezi miwili siielewi."

"Ndama," Byarugaba aliwahi kusema. "Ndama ana tamaa sana."

Kokushubila alimtazama ndama, ambaye mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani.

Jumamosi Bashiri alirudishwa akiwa na mkungu wa ndizi ili ajifariji. Siku zile zote Byarugaba hakwenda mkutanoni. Alinawa mikono mpaka viwiko, akakanda, akakamua, akitupiwa mateke na kurudi tena, huku akinong'ona: "Vumilia, mama yangu. Vumilia, waitu." Kokushubila, aliyekuwa akimletea maji ya moto, alisimama mlangoni akamsikiliza, akamsamehe nusu.

Jumatatu Lameki akarudi. Koti likatandazwa tena. Chuchu zote nne zikatoa maziwa safi. Byarugaba alimkumbatia Bihogo shingoni, machozi yakimlengalenga, akasema ni moshi, ingawa moto ulikuwa haujawashwa. Alipojifuta, ushujaa ukamrudia.

"Sawa, amepona. Lakini sufuria ile isirudie! Katika nyumba ambayo baba hajaonja maziwa ya moto tangu..."

"Hodi hapa!"

Alikuwa Siti, mke wa Omary mwenye hoteli ya chai pale sokoni. Alikuwa na kikapu kichwani, na ndani ya kikapu chupa zikigongana.

"Shikamoo, Mama Aroni. Tumesikia mgonjwa kapona, alhamdulillahi! Omary kanituma nimrudishie mzee chupa zake, zimejaa pale mpaka hatuna pa kukaa. Wateja wanaililia chai ya maziwa ya Bihogo. Na kikombe chako, mzee, kile kikubwa, hajapewa mtu."

Kokushubila alichukua chupa moja, akainusa, maana hiyo ndiyo kazi aliyoijua.

"Baba Aroni," alisema taratibu, "kumbe kahawa ya chama siku hizi inapikwa na maziwa?"

Byarugaba alimtazama Lameki. Lameki alikuwa akikagua tairi la baiskeli yake kwa makini sana.

"Ndama..." alianza Byarugaba.

Ndama, aliyesimama pale pale, akainua kichwa, kama aliyetaka kusikia na yeye.