Ushahidi wa Ruta

"Ruta nimeikuta inawaka," Mzee Mita alisema kwa mara ya tatu, na safari hii sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Na mimi nimekuta intaneti haipo," mkwewe, Mama Pacha, alimjibu. "Saa nne ileile, baba. Jana saa nne, juzi saa nne. Wewe ndiye uliyekuwa ukumbini. Sasa tumsingizie nani, paka? Hatuna paka."

Baba Pacha alisimama katikati yao mikono kiunoni, kama refa asiyejua sheria za mchezo. Alimwambia baba yake kwamba hakuna aliyemkasirikia, ila lililoamuliwa limeamuliwa: dada yake angefika saa saba na gari kumchukua, akakae kwake ambako kuna mtu wa kumwangalia kutwa. Hapa Mama Pacha ana kazi. Hawezi kuwa mwandishi na mlinzi wa swichi kwa wakati mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kusikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuiandika neno kwa neno. Rekodi zilimjia kwa mtandao na maandishi yalirudi kwa mtandao, hivyo ukikatika, naye amekatika. Mzee Mita kwa upande wake alikuwa amesoma mita za umeme kwenye nyumba za watu miaka thelathini na moja. Kupita ukutani akizima swichi kwake kulikuwa kama kupumua: pasi, redio, taa ya stoo. Miezi miwili nyuma aliizima na ruta, kisanduku kinachosambaza intaneti nyumbani, akakiri, akaomba radhi, yakaisha. Ila aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile, kila intaneti ilipokatika, jina la kwanza kutajwa lilikuwa lake. Akiitwa alikwenda mbio kwenye swichi, akaigusa, akaikuta imewashwa. Baada ya dakika chache mtandao ulirudi, na Mama Pacha akajisemea moyoni: ameiwasha harakaharaka, anaficha.

Sasa mzee aliingiza mkono mfukoni akatoa kidaftari kilichokunjikakunjika.

"Wiki tatu sasa kila nikizima swichi naandika," alisema. "Humu ruta haimo." Akakitazama, akakifunga. "Lakini siku hizi hata mwandiko wangu siuamini. Kama nimezima na sikumbuki, basi nipelekeni. Msingoje mpaka niichome nyumba na wajukuu wangu ndani."

Mama Pacha alikuwa amejiandaa kwa ubishi, maana mzee alikuwa mbishi wa kutosha. Kumsikia akijisalimisha kulimtisha. Mtu akiambiwa kila siku kwamba kichwa chake kimeharibika, siku moja ataitikia.

"Ngojeni," alisema. "Hakuna anayeondoka kabla sijatazama kitu."

Siku saba zilizopita alikuwa ameipeleka ruta ile kwa Mama Nyaya, fundi wa kompyuta kwenye duka la pembeni, mwanamke wa maneno machache na bisibisi nyingi. Mama Nyaya aliigeuza, akaipuliza vumbi, akasema mwili mzima, akili ndiyo ya kizamani. Kiwanda kilikuwa kimeacha kuihudumia. Dawa ilikuwa kuitoa programu yake ya ndani na kuitia programu huria, ile inayoandikwa na watu wa kila pembe na kutolewa bure, ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha. Alionya kwamba ruta isisemeshwe wala kuguswa kwa dakika tano, na umeme ukikatika katikati itakufa kabisa, ibaki kuwa tofali. Kazi ilipokwisha akamwonyesha ukurasa wa ndani wa ruta, unaofunguka kwenye kompyuta. "Ya zamani ilikuwa kama mlinzi anayelala," alisema. "Asubuhi anakwambia shwari. Hii inaandika kila kitu."

Mama Pacha alishukuru, akairudisha nyumbani, akaichomeka, na ukurasa ule hakuufungua tena. Mtandao ulipokatika kesho yake saa nne, alipiga hesabu yake fupi: programu mpya, ugonjwa uleule, basi mgonjwa ni mwingine. Hiyo ndiyo hesabu iliyompigia simu wifi yake aje na gari.

Sasa alifungua kompyuta, akaingiza nywila, na ukurasa ukaja. Mstari wa tatu ulisomeka wazi. Ruta imewaka mfululizo: siku sita, saa ishirini na moja, dakika kumi na mbili.

Aliusoma mara mbili. Kisha akaigeuza kompyuta kumwelekea mzee.

"Baba, hebu soma hapa. Hizi ni namba, wewe ndiye mwenye nazo."

Mzee Mita akavaa miwani, akainama, kidole kikitembea juu ya kioo bila kukigusa. Miaka ya kazi ikamrudia mgongoni, akanyooka kidogo.

"Hii inahesabu tangu ilipowashwa?"

"Ukizima swichi hata sekunde moja, inaanza tena sifuri."

"Basi haijazimwa siku sita." Alisema taratibu, kama anayesikiliza sauti yake. "Mita haina shemeji wala mjomba. Haijazimwa."

Baba Pacha akakaa juu ya mkono wa kochi. Aliuliza kama si ruta, sasa ni nini. Mama Pacha akashuka chini ya ukurasa, kwenye orodha ya matukio, na hapo kila siku ilikuwa na mistari miwili: waya wa nje, ule unaoleta mtandao, umekatika saa nne na dakika kadhaa, waya wa nje umerudi. Kila siku bila kukosa, isipokuwa Jumapili.

"Jumapili hufanyi kazi," mzee alisema. "Saa nne huwa unafanya nini, mwanangu?"

"Nachemsha chai."

"Na waya wa nje unapita wapi?"

Unapita dirishani, nyuma ya kiti chake cha kazi, chini ukutani hadi ukumbini. Wakaenda kwenye meza yake, na mzee akapiga magoti bila kuombwa. Baba Pacha akamulika kwa simu. Nyuma ya kiti cha Mama Pacha, kile kizito chenye magurudumu, waya ulikuwa umebanwa hadi ukawa bapa, ganda limepasuka.

"Inuka kama unavyoinuka kwenda kuchemsha chai," mzee aliamuru.

Akainuka, akakisukuma kiti nyuma kwa makalio kama kila siku. Kupitia mlangoni wakaona taa ya ruta kule ukumbini ikigeuka nyekundu. Akakaa, akajivuta mbele. Baada ya dakika moja ikawa kijani.

Kisha mzee akaanza kucheka, bado yuko magotini, kicheko cha chinichini kilichomtikisa mabega mpaka akalazimika kushika mguu wa meza. Machozi yalimtoka, na Mama Pacha aliona si ya kicheko peke yake.

"Kwa hiyo kichwa changu kizima?"

"Kizima kuliko waya wetu," alisema, akamshika mkono kumwinua. "Nisamehe, baba. Nimekuhukumu miezi miwili bila shahidi, na mhalifu nimemkalia."

Baba Pacha, mtu wa kuogopa maudhi, alikumbusha kwamba dada yake ameomba ruhusa kazini. Pengine baba aende hata wiki moja, wasimvunje moyo dada.

"Baba unataka kwenda?" mkewe aliuliza, akimtazama mzee, si mume.

"Sitaki."

Basi. Mama Pacha akachukua simu, akapiga, akaweka sauti ya nje wasikie wote.

"Wifi, kama hujawasha gari, usiwashe. Kama umeshawasha, geuza. Baba haondoki."

Upande wa pili ukauliza kwa mshangao nani ameamua.

"Mimi. Niliyemshitaki ndiye ninayemfutia kesi. Zungumza naye mwenyewe," alisema, akampa mzee simu.