Dakika Nne za Baba

Dada yangu hakuniomba, aliniagiza niende shuleni kwake nikawafundishe watoto kuhariri. Ndivyo alivyo tangu utoto. Alisema ana wanafunzi thelathini na wawili, kamera hata moja hana, na mwalimu mkuu anataka kipindi chake cha kusimulia kwa picha kiwe cha hesabu. Siku hiyo mwalimu mkuu angekaa darasani aone kama kina faida. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, nami ndiye niliyebaki.

Nilikwenda nikiwa hoi bin taabani. Mimi ni mhariri wa filamu. Mwaka wa ishirini na tatu huu nakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, naondoa vipande ambamo watu hawafanyi lolote. Kazi hii imenipa mgongo mbovu na tabia moja mbaya zaidi ya mgongo: mtu akishafika mlangoni, siangalii tena. Najua kinachofuata.

Wanafunzi walirekodi kwa simu za wazazi. Dada alichagua kazi ya binti mmoja wa dawati la nyuma, mpole mpaka unamsahau. Baba yake anafunga kamba za viatu, anachukua bahasha ya vyeti, anaelekea mlangoni kwenda kutafuta kazi. Dakika nne nzima. Niliipeleka mbele harakaharaka, nikakata huku nikieleza: tupa hiki, acha mkono, acha uso, mlango, basi. Zikabaki sekunde arobaini. Darasa likapiga makofi. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amenuna tangu aingie, akasema hiyo ndiyo bidii, na wazazi wataonyeshwa Ijumaa. Kichwa kikanivimba. Dada alishusha pumzi nikaisikia.

Binti akanijia mezani wenzake wakiandika.

"Mjomba, umekata pale alipokaa."

"Alikaa wapi?"

"Alirudi akakaa. Hakwenda. Ijumaa atakuja, atakuta watu wanampigia makofi kwa kuondoka."

Niliifungua upya, nikaitazama yote kwa mara ya kwanza. Kweli. Baba anashika kitasa, anasimama kidogo, anarudi kitini na viatu vyake miguuni, bahasha mapajani. Anakaa. Hakuna kingine. Niliona aibu, na umri wangu huu sikujua niiweke wapi.

Nilimvuta dada pembeni nikamweleza. Nikamkumbusha pia kwamba mwalimu mkuu bado yupo, na zile sekunde arobaini ndizo zilizokiokoa kipindi. Alimtazama yule binti.

"Rudisha, mdogo wangu."

"Na kipindi chako?"

"Nimesema rudisha."

Tukaionyesha yote. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu mkuu alikohoa, akauliza mbona haendi.

"Alikwenda jana," binti akasema. "Na juzi."

Mwalimu mkuu akainuka. Alisema hayo si mambo ya kuwaonyesha wazazi, akaiendea ratiba ukutani, akafuta kipindi cha dada na kuandika hesabu papo hapo. Dada alimpa binti alama zote, akanisindikiza hadi getini, na njia nzima alikuwa akinishukuru. Afadhali angenitukana.