Pampu ya Bluu na Pampu ya Unga

Karakana ile ya magodoro ilikuwa ya watu wawili tu, dada na mdogo wake wa kiume. Wote wawili walirithi pumu kwa mama yao, kama wengine wanavyorithi shamba. Mdogo mtu walimwita Filimbi, maana kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi na kubisha hodi kabla yake. Kazi yao ilikuwa kupiga sufi kwa fimbo mpaka ilegee, kisha kuishindilia kwenye mfuko wa godoro. Vumbi lake lilikaa kwenye kope, kwenye chai, kila mahali.

Kila mmoja alikuwa na pampu yake ya dawa ya pumu, na ubishi wa pampu hizo haukuwa na mwisho. Ya Filimbi ilikuwa ya bluu, ile ya kufyatua. Ya dada ilikuwa ya unga, ya kuvuta kwa nguvu. Muuguzi alimwambia dada kuwa ile ya bluu inafungua njia upesi, basi. Hii ya unga inafungua upesi vilevile, na inatuliza uvimbe ulioko ndani.

"Hewa tupu hiyo," Filimbi alimcheka. "Haina ladha, haina ubaridi. Yangu ikiingia kooni najua mgeni kafika."

"Mgeni gani anakuja kutwa kucha? Umeifanya pipi, mdogo wangu. Nenda hospitali wakakubadilishie."

"Wivu huo, dada. Tazama!"

Akafyatua moja kuelekea dirishani, moshi mweupe ukachezacheza kwenye mwanga wa jua. Ndivyo alivyoipima kila asubuhi. Fundi huamini jicho lake. Moshi ukitoka, dawa ipo. Dada mtu akacheka, akarudi kwenye fimbo yake. Alikuwa akisema na kuacha, kwani sikio la Filimbi halikuwa la kusikia.

Siku moja mteja alileta godoro kuukuu lichambuliwe. Filimbi alipolichana, ndani lilikuwa limeota ukungu. Vumbi likafumka kama moshi wa kuni mbichi. Akakohoa, akatoka nje, akafyatua pampu. Akafyatua tena.

"Twende hospitali," dada akasema.

"Ngoja... ifanye kazi. Si unaona... inatoka?"

Ilikuwa inatoka kweli. Moshi ulikuwa uleule, na ubaridi uleule. Lakini mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, na ile filimbi ya kifuani ikaanza kufifia. Jirani aliyekuwa akipita akasema afadhali, kifua kimetulia. Dada alijua si afadhali; hewa ndiyo iliyokuwa haipiti tena. Alimtia mdomoni pampu yake mwenyewe.

"Vuta! Vuta kwa nguvu, mdogo wangu!"

Safari hii Filimbi hakubisha. Alijaribu, macho yamemtoka, lakini pumzi ya kuvutia hakuwa nayo. Unga ukabaki palepale.

Hospitali walimfikisha, ila pumzi ilikuwa imeshamwisha njiani.

Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, aliigeuzageuza ile pampu ya bluu mkononi.

"Alianza kuitumia lini, mama?"

"Tangu kabla ya mvua. Lakini ilikuwa inatoa moshi, mwanangu. Hata leo ilitoa."

"Moshi ni gesi tu ya kuisukuma dawa. Dawa huisha, gesi ikabaki. Kwa macho huwezi kujua."

Dada akaitoa pampu yake ya unga, akauliza. "Na yangu je? Mbona haikumsaidia?"

"Ile inamtaka mtu mwenye nguvu ya kuivuta. Angeizoea mapema, labda. Akishafika pale, inakuwa kazi bure."

Labda. Neno dogo, lakini lilimkaa kama mfupa kooni.

Ndugu walianza kuingia mmoja mmoja, na vilio vikaanza. Yeye alikuwa kwenye benchi la koridoni, na kilio chake kiligoma kutoka. Kifua kilikuwa kinambana. Alijizuia kadiri alivyoweza. Aliona haya mtu amwone anapumua. Mwishowe akageukia ukutani, akajifunika uso kwa kanga, akavuta pampu yake.

Punde njia ikafunguka, hewa ikaingia yote, nyingi, bila kikwazo. Hapo ndipo alipopata sauti ya kulia.